Kukonda Kusiko na Njaa: Maradhi ya Ulaji Yakitazamwa Kutoka Shianda

Maradhi ya ulaji ni kundi la magonjwa ya akili ambayo dalili zake huanza kuonekana kwenye sahani. Mgonjwa wa anoreksia hujinyima chakula hadi mwili unakauka, huku akili yake ikimwambia kwamba bado hajakonda vya kutosha. Mwenye bulimia hula kwa mkupuo chakula kingi kupita kiasi, kisha hujitapisha, hunywa dawa za kuharisha au hushinda bila kula ili kufidia alichokula. Wengine hula kwa pupa namna hiyo hiyo lakini hawajitapishi. Hubaki na aibu na kulificha jambo. Wapo wanaokwepa vyakula karibu vyote kwa sababu ya harufu, mguso au hofu ya kupaliwa, wala umbo la mwili haliwashughulishi hata kidogo. Wapo pia wanaokula vitu visivyo chakula, kama udongo, chaki au majivu. Wote hawa, hali zao zikiwa tofauti, hushindwa kuacha kwa kuamua tu kuacha. Anayemwambia binti aliyedhoofika kwa anoreksia kwamba ale na aache deko ni sawa na anayemwambia mgonjwa wa malaria aache kutetemeka.

Shianda ni mji wa soko ulioko kwenye barabara ya Kakamega kwenda Mumias, katika nchi ya Wawanga, na kwa utawala wa leo umo katika Mumias Mashariki, kaunti ya Kakamega. Maradhi haya hayakuzaliwa hapo wala hayakupewa jina hapo. Hata hivyo historia yake husomeka vizuri kutoka mahali kama hapo, kwa sababu kwa zaidi ya karne moja kukonda kumekuwa na tafsiri nyingi katika sehemu hizi, na karibu kila tafsiri ilimwelekeza mgonjwa kwingine kabla hajafika kwa daktari wa akili.

Tafsiri ya kwanza inatoka jikoni. Mlo wa Wawanga, kama wa Waluhya wengine, umejengwa juu ya obusuma, yaani ugali. Zamani ulipikwa kwa unga wa wimbi au mtama, na mahindi yakatawala katika karne ya 20. Pembeni huwekwa omurere, likhubi au lisebebe, na mgeni wa heshima huchinjiwa ingokho, kuku wa kienyeji. Mgeni anayeingia nyumbani hapaswi kutoka bila kuonja kitu. Akikisukuma chakula kando, wenyeji hawamwoni kama mtu asiye na njaa. Humwona kama mtu aliyenuna, au anayewashuku kwamba wametia kitu ndani. Katika jamii ambamo kula pamoja ni uthibitisho wa amani, kukataa kula ni tamko kuhusu uhusiano, na swali linaloulizwa huwa ni nani amemkosea nani. Hali ya akili ya anayekataa haiingii katika swali hilo.

Miiko nayo ilikuwa mingi. Kwa desturi wanawake wa Kiluhya hawakula kuku wala mayai, na firigisi iliwekwa kando kwa ajili ya mwenye nyumba. Ukristo, shule na safari za kikazi vililegeza mwiko huo polepole, ingawa firigisi bado ina mwenyewe katika nyumba nyingi. Msomaji wa leo anaweza kushawishika kuiita miiko hiyo aina ya ugonjwa, na hilo litakuwa kosa. Mwanamke aliyekuwa haonji kuku alikuwa akifuata sheria iliyowahusu wenzake wote. Hakuwa akidhoofika kwa sababu hiyo, wala hakuhesabu tonge zake kwa hofu. Madaktari wa akili wenyewe wamekubali mpaka huo. Vitabu vyao vya uainishaji vinasema wazi kwamba desturi ya chakula inayokubalika na jamii haihesabiwi kuwa maradhi ya ulaji.

Mpaka huo si mgumu kwenye mwiko wa kuku. Ugumu unakuja kwenye kufunga. Uislamu uliingia Uwanga pamoja na misafara ya wafanyabiashara wa pwani waliopiga kambi kwa watawala wa Wawanga katika karne ya 19. Joseph Thomson alipofika huko mwaka 1883 njia hiyo ilikuwa imekwisha kukanyagwa na Waswahili. Wamisionari wa Kikatoliki nao walifungua kituo Mumias mwanzoni mwa karne ya 20. Hivyo saumu ya Ramadhani na kufunga kwa Kwaresima vimekuwa sehemu ya mwaka wa watu wa eneo hilo kwa vizazi kadhaa, na kwa walio wengi havina dhara. Lakini historia ya maradhi haya imejaa watu ambao ndani yao swala na ugonjwa vilishikana mikono. Katika Italia ya karne ya 14, Katarina wa Siena alijinyima chakula kwa miaka, akafa mwaka 1380 akiwa na umri wa miaka 33, na wanahistoria hadi leo wanabishana kama alikuwa mtakatifu tu au mgonjwa pia. Karibu zaidi na Afrika Mashariki ni uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wanafunzi wa kike 668 wa shule za sekondari nchini Ghana. Ishirini na tisa walikuwa wamekonda kupita kiasi, na kwa 10 kati yao haikupatikana sababu nyingine ila kujinyima chakula. Hawakuzungumzia hofu ya kunenepa. Walizungumzia kufunga, kujitawala na usafi wa nafsi. Katika shule yoyote ya bweni ya magharibi mwa Kenya, iwe ya Kiislamu au ya Kikristo, binti kama hao wangesifiwa kwa ucha Mungu muda mrefu kabla ya mtu kuuliza uzito wao.

Huko Ulaya, ugonjwa ulianza kuandikwa kama ugonjwa mwaka 1689, wakati daktari wa London Richard Morton alipoeleza habari za wagonjwa wawili waliokauka bila homa wala kikohozi. Mmoja alikuwa binti, wa pili mvulana, jambo ambalo lingefaa kukumbukwa na wale waliokuja baadaye kuufanya uwe ugonjwa wa wasichana peke yao. Morton aliuhusisha na huzuni na mahangaiko ya akili. Jina lenyewe lilikuja mwaka 1873, na lilikuja mara mbili. Mwezi wa Aprili daktari Mfaransa Ernest-Charles Lasègue alichapisha maelezo ya mabinti waliokataa chakula, akionyesha jinsi familia nzima inavyovutwa ndani ya ugomvi wa sahani: kwanza wanabembeleza, kisha wanatisha, kisha wanalia. Oktoba mwaka huo huo William Gull aliwasomea madaktari wenzake London taarifa yake na kuuita ugonjwa huo anoreksia nevosa. Jina hilo lina dosari, kwa kuwa anoreksia maana yake ni kukosa hamu ya kula, ilhali wengi wa wagonjwa hawa wana njaa kali na huota chakula usiku.

Kisha sayansi ikapotea njia. Mwaka 1914 Morris Simmonds, mtaalamu wa maiti wa Hamburg, alieleza kisa cha mgonjwa aliyekauka kwa sababu tezi iliyo chini ya ubongo ilikuwa imeharibika. Kwa karibu miaka 20 baada ya hapo madaktari wengi walimchukulia kila aliyejinyima chakula kuwa na kasoro ya tezi, wakamtibu kwa homoni. Ilichukua hadi kuelekea Vita vya Pili vya Dunia kurudi kwenye hoja ya Gull na Lasègue.

Wakati huo huo Afrika Mashariki ilikuwa na madaktari wake na mizani yake, na kilichokuwa kikipimwa ni njaa. Mwaka 1931 Orr na Gilks walitoa utafiti wao uliolinganisha lishe na afya ya Wakikuyu na Wamaasai. Mwaka 1935 Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Ghana ya leo, alitumia kwa mara ya kwanza katika jarida la tiba jina kwashakoo, alilolichukua kutoka lugha ya Ga ya huko. Hugh Trowell, aliyeanzia kazi Kenya kabla ya kuhamia Uganda, alitumia miaka mingi kuusaka ugonjwa huo, na mwaka 1954 yeye na wenzake walitoa kitabu kizima juu yake. Kazi hiyo iliokoa watoto wasiohesabika. Pia iliwafundisha vizazi vya wauguzi na matabibu wa Afrika Mashariki kwamba mwili uliokonda una maelezo matatu: chakula hakitoshi, chakula hakina protini, au kuna minyoo na kifua kikuu. Maelezo hayo yalikuwa kweli kwa walio wengi mno hata hapakubaki nafasi ya la nne.

Upande wa akili hali ilikuwa mbaya zaidi. Nairobi ilifungua hospitali yake ya wagonjwa wa akili mwaka 1910, katika majengo yaliyokuwa ya kuwatenga wagonjwa wa ndui. Baadaye ikaitwa Mathari. Kutoka Uwanga ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 300, na hakuna aliyepelekwa huko kwa sababu ya kukataa obusuma. Waliopelekwa ni wale waliopiga watu, waliochoma nyumba, waliokutwa wakizurura barabarani bila nguo, na mara nyingi njia yao ilipitia kwa chifu, polisi na mahakamani. Kiluhya kina neno lao: omulalu. Neno hilo lilimfaa anayepiga kelele sokoni. Msichana aliyekaa kimya nyuma ya nyumba, akimgawia mdogo wake chakula chake chote, hakuwa omulalu kwa mtu yeyote.

J. C. Carothers, aliyeiongoza Mathari kuanzia mwaka 1938, alichapisha mwaka 1947 uchambuzi wa wagonjwa 558 waliolazwa humo kati ya 1939 na 1943. Alihitimisha kwamba sonona ni nadra mno kwa Waafrika, akaeleza kwa nadharia kuhusu akili ya Mwafrika ambayo leo haisomeki bila uchungu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilimchapishia kitabu chenye mawazo hayo. Kosa lake halikuwa la dharau ya rangi peke yake, ingawa dharau ilikuwamo. Lilikuwa pia kosa la hesabu. Aliwahesabu waliofikishwa hospitalini, akadhani amewahesabu wagonjwa. Magonjwa yenye kelele yalifika, magonjwa ya kimya yalibaki nyumbani. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha matokeo ya kazi yao katika vijiji viwili vya Uganda, ambako walikwenda nyumba kwa nyumba badala ya kungoja hospitalini, na wakakuta sonona kwa kiwango kilichozidi kile cha mtaa mmoja wa London. Funzo hilo linahusu maradhi ya ulaji moja kwa moja, kwani hakuna ugonjwa wa akili unaojificha kimya kuliko haya.

Uhuru ulipokuja, Shianda na jirani zake waliingia katika zama za miwa. Kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza kusaga mwaka 1973 chini ya usimamizi wa kampuni ya Booker McConnell, na mashamba ya wakulima wadogo yakazunguka kiwanda pande zote. Muwa wa huko huchukua miezi 18 hadi 24 kukomaa. Mwenye ekari mbili aliyezipanda miwa zote alipata pesa nyingi kwa siku moja baada ya kungoja karibu miaka miwili, na katikati ya hapo alinunua unga dukani. Mwaka wa nyumba nyingi ukawa na vilele na mabonde: kilele cha malipo, chenye nyama, mkate na soda, na mabonde marefu yenye mlo mmoja wa jioni. Kiwanda kilipoyumba na hatimaye kuwekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, mabonde yalirefuka.

Mzunguko huo una uhusiano na maradhi ya ulaji kwa njia ambayo haikutazamiwa. Kati ya mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, Ancel Keys aliwapunguzia chakula vijana 36 wenye afya waliojitolea, kwa wiki 24, hadi wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Vijana hao hawakuwa na ugonjwa wowote wa akili walipoanza. Walipozidi kukonda walianza kusoma vitabu vya mapishi kwa saa nyingi, kulamba sahani, kuvuta mlo mdogo hadi ukachukua muda mrefu, kununa na kujitenga. Waliporudishiwa chakula, baadhi yao walikula bila kuweza kuacha, hata matumbo yalipouma. Ikadhihirika kwamba njaa yenyewe huikunja akili, na kwamba kula kwa pupa kunaweza kuwa mtoto wa kukosa. Mwaka 2017 Carolyn Becker na wenzake walichapisha utafiti juu ya watu 503 waliokuwa wakipokea chakula cha msaada mjini San Antonio, Texas. Waliokosa chakula zaidi nyumbani ndio waliokuwa na dalili nyingi zaidi za maradhi ya ulaji. Dhana kwamba haya ni magonjwa ya walioshiba haisimami tena, na eneo la miwa, ambako kukosa na kushiba vimekuwa vikipokezana kwa miaka 50, ni mojawapo ya mahali ambapo swali hilo lilistahili kuulizwa mapema.

Halafu ukaja Ukimwi. Mwaka 1985 madaktari wa Uganda na wenzao waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya wa Rakai ambao wananchi wenyewe walikuwa wameupa jina: slim, neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Barabara inayopita Mumias inaelekea mpakani mwa Uganda, na jina lilisafiri pamoja na malori. Kenya ilitangaza Ukimwi kuwa janga la kitaifa Novemba 1999. Kwa miaka hiyo kati ya 1985 na kuenea kwa dawa za kupunguza makali, hakuna kitu kilichoogopwa katika mwili wa mtu kama kukonda. Salamu ya kawaida ilibadilika uzito. "Umekonda" haikuwa tena huruma, ilikuwa uchunguzi. "Umenenepa" ikawa pongezi kwa maana kamili, kwamba huna ule ugonjwa. Mabega yaliyoingia ndani na kola iliyolegea vilitosha kumfanya mtu asiajiriwe kuuza hotelini, au mchumba arudi kwao.

Woga huo ulikuwa na athari mbili zinazokinzana. Kwa upande mmoja uliwakinga wengi: binti wa Shianda wa mwaka 1995 hakuwa na sababu yoyote ya kutamani mwili ambao kijiji kizima kiliusoma kama hukumu ya kifo. Kwa upande mwingine, yule mmoja aliyekuwa akijinyima chakula kwa sababu nyingine, kwa huzuni, kwa hofu, kwa kutaka kuwa na mamlaka juu ya kitu kimoja katika maisha yake, alipimwa Ukimwi, akapimwa kifua kikuu, akaombewa, pengine akapelekwa kwa mganga kuangaliwa ni nani aliyemtupia jicho. Majibu yote yakirudi safi, familia ilibakia na kisingizio cha vidonda vya tumbo, ambacho nchini Kenya hubeba mzigo mkubwa wa mambo yasiyosemeka.

Kupenda unene hakukuanza na Ukimwi. Mwaka 1861 John Hanning Speke, akiwa Karagwe upande wa pili wa Ziwa Viktoria, alimkuta mwanamke wa ukoo wa kifalme ambaye hakuweza kusimama kwa unene. Kando yake bintiye wa miaka 16 alikuwa akinywa maziwa huku baba yake ameshika fimbo ya kumlazimisha. Speke alichukua kamba akampima mama huyo mkono na paja kama mtu apimaye gogo, na akaviandika vipimo hivyo. Kisa hicho hutajwa kama kichekesho cha wasafiri, lakini kina jambo zito: fimbo ile inaonyesha kwamba mwili mnene nao unaweza kuwa amri inayotoka nje, na mtoto akaliwa na amri hiyo. Leo fimbo imekuwa kidonge. Dawa za mzio na za steroidi zinazoongeza hamu ya kula huuzwa kwa siri katika miji mingi ya Afrika Mashariki kwa wanawake wanaotaka kunona, wakati duka la jirani linauza chai ya kupunguza tumbo.

Utafiti wa kitaalamu kuhusu Wakenya na maradhi haya ni mchanga. Mwaka 1983 Adrian Furnham na Naznin Alibhai waliwaonyesha wanawake kutoka Kenya na wanawake Waingereza michoro ya miili. Waliotoka Kenya waliipenda zaidi ile minene, na wale waliokuwa wamekaa Uingereza walikaribia ladha ya Waingereza. Mwaka 2004 daktari wa akili Frank Njenga na R. N. Kang'ethe walichapisha uchunguzi juu ya anoreksia nchini Kenya, na walichokuta ni visa vichache mno. Mapitio ya tafiti za bara zima yaliyotolewa mwaka 2016 yalithibitisha kwamba anoreksia ya mtindo wa vitabu ni nadra Afrika, lakini bulimia na aina nyingine zilikuwa katika viwango visivyotofautiana sana na vya kwingineko. Na mwaka 2022 Victoria Mutiso, David Ndetei na wenzao waliripoti kwamba kati ya maelfu ya wanafunzi wa Kenya waliohojiwa, takriban asilimia 3 walikuwa na dalili za ugonjwa wa kula kwa pupa, na mara nyingi zilikwenda sambamba na magonjwa mengine ya akili na matumizi ya vileo. Wanafunzi 3 kwa kila 100 ni mtu mmoja au wawili katika kila darasa la shule ya sekondari iliyofurika.

Vyombo vya habari vina sehemu yao. Katika jimbo la Nadroga nchini Fiji, Anne Becker aliwahoji wasichana mara tu televisheni ilipofika mwaka 1995, na hakumpata hata mmoja aliyejitapisha ili apungue; miaka mitatu baadaye walikuwa zaidi ya asilimia 11. Nchini Tanzania utafiti wa mwaka 2007 juu ya wanawake 214 ulihusisha dalili za maradhi ya ulaji na kuzoea vyombo vya habari vya nje. Simu ya mkononi imefanya Shianda isiwe mbali na chochote. Hata hivyo, kusema kwamba maradhi haya yameletwa na simu ni kurudia kosa la Carothers kwa njia nyingine. Huko Hong Kong, Sing Lee aliwaeleza wagonjwa wa anoreksia ambao zaidi ya nusu yao hawakuogopa unene kamwe. Walisema tumbo limejaa, au hawana hamu. Picha za warembo zinaupa ugonjwa lugha ya kusemea. Ugonjwa wenyewe una mizizi katika kurithi, katika tabia ya ukamilifu na wasiwasi, katika maumivu ya utotoni, na katika njaa yenyewe pale inapoanza kuigeuza akili.

Ipo aina moja ambayo magharibi mwa Kenya hakuna haja ya kuitafuta kwa tochi. Sokoni, kando ya dagaa na ndizi, mara nyingi huwa na kifungu kidogo cha mawe laini ya rangi ya kijivu au ya kahawia, yaliyopangwa kwa mafungu ya bei ndogo. Wajaluo huyaita odowa, na jina hilo limeenea. Mnunuzi huvunja kipande kwa jino, hukiacha kiyeyuke ulimini, na husema kinanukia kama mvua ya kwanza kwenye vumbi. Mwaka 1997 Wenzel Geissler na wenzake walichapisha utafiti juu ya watoto 285 wa shule katika eneo la mashambani la magharibi mwa Kenya: asilimia 73 walikula udongo mara kwa mara, kwa wastani wa gramu 28 kwa siku. Udongo wa kichuguu ulipendwa sana. Wajawazito nao hula, na jamii huliona kama jambo la kawaida la mimba.

Je, huo ni ugonjwa wa akili? Kwa walio wengi, hapana. Kula udongo kumeenea, kunaeleweka na wote, na huambatana na upungufu wa damu, ingawa haijaamuliwa kikamilifu kipi huanza, udongo au upungufu. Lakini jina la kitabibu la hali hii, lililotokana na neno la Kilatini la ndege anayesifika kwa kudonoa chochote, limo katika orodha ile ile ya maradhi ya ulaji, na kwa sababu nzuri. Wapo ambao hawawezi kuacha hata choo kikifunga, hata daktari akiwaonyesha mayai ya minyoo kwenye hadubini, ambao huamka usiku kuchokonoa ukuta wa nyumba. Kinachowatofautisha na jirani yao ni kushikwa, si udongo. Kwa mtu wa Shianda anayetaka kuelewa bulimia bila kutoka kijijini, huyo anayechokonoa ukuta usiku ndiye mfano ulio karibu.

Maradhi haya hayaji peke yake. Wengi wa wagonjwa wana sonona, wasiwasi uliopindukia, au fikra na vitendo vya kujirudia-rudia; wengine hujikata, hunywa pombe kupita kiasi, au hukata tamaa ya kuishi. Mwili nao hulipa. Moyo hupiga polepole, hedhi hukatika, mifupa hudhoofu, nywele laini kama za mtoto mchanga huota mikononi. Anayejitapisha hupoteza potasiamu hadi mapigo ya moyo yanayumba. Meno yake huliwa na asidi, mashavu huvimba karibu na masikio, na juu ya vifundo vya vidole hubaki sugu zinazotokana na meno. Alama hizo za vifundoni alizieleza Gerald Russell wa London mwaka 1979, katika makala kuhusu wagonjwa 30 iliyoipa bulimia jina lake. Mwaka uliofuata Wamarekani waliiingiza katika kitabu chao cha uainishaji. Ugonjwa wa kula kwa pupa ulingoja hadi 2013. Anoreksia ni miongoni mwa magonjwa ya akili yanayoua zaidi, kwa moyo kusimama na kwa kujiua.

Sheria ya Kenya ya afya ya akili ya mwaka 1989 ilirekebishwa mwaka 2022, na kaunti zikapewa wajibu wa kutoa huduma hizo karibu na watu. Kwa mkazi wa Shianda, karibu maana yake ni zahanati, kisha hospitali za Mumias, kisha hospitali ya rufaa ya Kakamega. Kwenye kituo cha kwanza kuna utepe wenye rangi tatu, kijani, njano na nyekundu, unaozungushwa mkononi mwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 kujua kama amedhoofika. Hakuna anayeuzungusha kwenye mkono wa mwanafunzi wa miaka 16.

Mgonjwa anapopatikana, hatua ya kwanza ni ya mwili, na ina hatari yake: aliyekaa na njaa muda mrefu akilishwa ghafla, fosfeti huporomoka katika damu na moyo unaweza kusimama, kwa hiyo chakula huongezwa kidogo kidogo damu ikipimwa. Kwa bulimia na kula kwa pupa, tiba ya mazungumzo iliyobuniwa Oxford na Christopher Fairburn ndiyo yenye ushahidi mkubwa. Kwa vijana wenye anoreksia, njia iliyojaribiwa London katika miaka ya 1980 huikabidhi familia sahani. Wazazi huacha kulaumu na kulaumiwa, huutenga ugonjwa na mtoto, na kila mlo mtu mzima huketi karibu naye hadi tonge la mwisho, mara tano au sita kwa siku, kwa miezi. Njia hiyo ilitengenezwa kwa nyumba zenye baba, mama na mtoto. Katika boma la Uwanga, anayeweza kuketi namna hiyo, mwenye subira na mamlaka ya kutosha kusema kula bila kupaza sauti, mara nyingi ni kukhu, yaani bibi, na wauguzi wanaoijua tiba hii wangeanza kwa kuuliza kama yupo.